Tulipokata Kibanja cha Dorkasi

Nyinyi mnaopita hapa Kaagya asubuhi kuchukua mkate mnanikuta nimekaa kwenye kigoda karibu na tanuri, mikono imelala mapajani, na najua mnachosema mkishafika barabarani. Mnasema mzee amechoka. Sikatai, nimechoka. Lakini hapo mnaponikuta huwa niko kazini. Maisha yangu yote nimeoka mikate mjini Bukoba, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kukaa kimya ukingoja kitu usichoweza kukiharakisha. Binti mmoja kati yenu aliniuliza juzi kama sichoki kukaa hivyo bila hata simu mkononi. Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu mikate ilikuwa ndani. Leo nina nafasi, nitamjibu vizuri.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Salumu, mtu wa mjini, ambaye babu yake alitoka pwani akafika Bukoba na hakurudi tena. Kiswahili chake kilikuwa laini kiasi kwamba akikugombeza unatamani kumshukuru. Mimi nilikuja na Kiswahili changu cha shule, Kihaya kikichungulia kila mahali. Siku moja nilimwambia, "Mkate zimeiva." Akaweka chini ubao wake wa kutolea mikate, akanitazama kwa huruma.

"Mikate imeiva, bwana mdogo," akasema. "Usipoiheshimu mdomoni utaiheshimu vipi mkononi?"

Mzee huyo aliponiachia hamira peke yangu mara ya kwanza, nilichemsha maji mpaka yakatokota nikaimwagia, kwa sababu kwetu mgeni mwenye heshima huwekewa maji ya moto. Donge likalala kwenye beseni kama udongo wa kufinyangia. Tukangoja, halikutikisika. Mzee Salumu alilibonyeza kwa kidole, akaniambia kwa upole kwamba nimewaua. Nikamuuliza nimewaua akina nani. Akasema hamira ni viumbe hai, wako wengi kuliko watu wote wa Kagera, na mimi nimewachemsha. Nilidhani ananitania. Akakanda donge jingine, akanikalisha mbele ya beseni, akaniambia nisifanye lolote, nitazame tu.

Nikatazama. Mwanzoni niliona unga na maji. Halafu nikaona kitambaa kilichofunika beseni kinanyanyuka, polepole kama tumbo la mtoto aliyelala. Nilikuwa nimekula mkate tangu utotoni na sikuwahi kufikiri kwamba kuna kitu kinaamka ndani yake kabla haujafika mezani. Niliogopa kidogo, nawaambia kweli. Mpaka leo nikifunika beseni naondoka na adabu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Kwa hiyo shikeni hili kabla sijaendelea. Maji ya hamira yawe ya uvuguvugu, kama ya kumwogesha mtoto mchanga. Yamwagieni kwenye kiwiko, msitumie vidole, maana vidole vya mtu mzima vimezoea kuungua na vinadanganya. Na tanuri la kuni lipimwe kwa unga. Tupeni unga kidogo sakafuni mwake. Ukiwa mweusi papo hapo, subirini. Ukigeuka kahawia taratibu mkiwa mnautazama, ingizeni mikate.

Nilipostaafu nilirudi hapa kwetu na mke wangu, Dorkasi, ambaye kwa hakika hakuwahi kuondoka. Mimi ndiye niliyekuwa nakwenda mjini na kurudi. Kibanja hiki alikabidhiwa na mama yangu, na kwa mikono yake kilikuwa kibanja kwelikweli: migomba imefungana mpaka jua linaingia kwa vipande, mibuni chini yake, maharage chini ya mibuni, na nyasi za kutoka rweya, mbuga ya kijiji, zimetandazwa hata mguu haukanyagi udongo. Nyumba ilikuwa katikati, huwezi kuiona mpaka uwe umefika mlangoni.

Nilijenga tanuri nyuma ya jiko kwa matofali na udongo wa kichuguu. Wanaume wa hapa walicheka wakachoka. Mwanamume wa Kihaya kupika, tena nyumbani kwake, tena halipwi. Shemeji yangu mmoja aliuliza kanisani, kwa sauti ya kusikika, kama Dorkasi ameolewa au ameajiri. Dorkasi mwenyewe hakucheka. Alisema tu kwamba tanuri lisisogee karibu na mgomba wa mama.

Mgomba wa mama ulikuwa kando ya kaburi lake. Ulikuwa wa aina ya nshakara, na shina lake la kwanza lilipandwa na mama mwenyewe alipoolewa. Mgomba huzaa mara moja ukafa, lakini machipukizi yake hubaki, kwa hiyo Dorkasi alisema ni uleule. Kila asubuhi, nilipokuwa nangoja donge liumuke, yeye alichukua kigoda akaenda kukaa pale. Hakusali kwa sauti wala hakulima. Alikaa. Sikumuuliza anafanya nini, naye hakuniuliza nafanya nini mbele ya beseni. Tuliishi hivyo, kila mtu na ukimya wake, na harufu ya mkate ilipomfikia alijua ni wakati wa chai.

Kisha jani moja likawa njano.

Lilikuwa upande wa chini, karibu na mpaka wetu na jirani yetu, Ta Zakaria, yaani Bwana Zakaria kwa Kihaya chetu. Dorkasi aliliona kabla ya mtu yeyote, kwa kuwa aliijua migomba yake kama mnavyojua namba zenu za simu. Alimwita bibi shamba wa kata, msichana anayeitwa Jovina, mwenye buti kubwa kuliko miguu yake. Jovina alisalimia, akauzunguka mgomba, akaomba ruhusa, akakata shina. Tulingoja kidogo. Kwenye mkato ukaanza kutoka utomvu wa njano, mzito, kama usaha. Akapasua ndizi moja. Nje ilikuwa ya kijani, ndani ilikuwa kahawia.

Jovina alieleza taratibu. Ule ulikuwa mnyauko. Nyuki na wadudu wengine huubeba kutoka kwenye lile ua jekundu linaloning'inia chini ya mkungu, na sisi wenyewe huubeba kwa panga tunapotoka kukata mgomba huu kwenda ule. Hauna dawa ya kunyunyiza. Alichungulia ndani zaidi, akarudi ameshika kofia yake mkononi, akasema ugonjwa umeshasambaa na kwamba kwa kibanja kama chetu njia salama ni kung'oa migomba yote, kukaa bila mgomba hata mmoja kwa misimu, halafu kuanza upya.

Dorkasi alimshukuru, akamfungia maharage na mkate, akamsindikiza mpaka njiani. Aliporudi alichukua jembe akaenda kupalilia kama vile hakuna aliyekuja.

Siku zilizofuata hakutaka lisemwe. Nilipojaribu, alinijibu kwamba mimi ni mtu wa ngano. Alikuwa na haki. Kwenye kibanja nilikuwa mwanafunzi wake, na mwanafunzi mbaya. Lakini niliona majani yakilala moja baada ya jingine. Niliona mikungu ikiiva kabla ya wakati. Ta Zakaria alikuwa akija mpakani, anasimama upande wake akitazama migomba yake iliyokuwa bado mizima, halafu anaondoka. Hakuwahi kutuambia neno. Nadhani ndilo lililomuumiza Dorkasi zaidi, kwamba hakusema.

Asubuhi moja nilikuwa nimefunika beseni nikamwona anarudi na kigoda chake mapema kuliko kawaida. Alisimama mbele ya tanuri. Aliniambia kwamba alikuwa amekaa pale kwa mama akawaona nyuki. Walitoka kwenye ua la mgomba mgonjwa, wakaruka juu ya mibuni, wakaenda moja kwa moja kwa Zakaria. Aliwafuata kwa macho mmoja mmoja. Zakaria ana mama yake mzazi ndani, na wajukuu, na hawana kingine cha kuweka kwenye chungu.

"Baba Neema, washa moto," akasema. "Tunakata."

Habari ilifika kijijini kabla moshi haujapaa vizuri. Watu walikuja kama wanavyokuja msibani, wanawake wakakaa kwenye nyasi pembeni, wanaume wakaja na mapanga. Jovina naye akaja na buti zake, akatueleza kwamba kila panga lipitishwe motoni baada ya kila mgomba, mpaka lipate moto kiasi cha kukaanga tone la maji. Palikuwa na moto mmoja tu wa kutosha, nao ulikuwa wangu. Ndiyo sababu siku ile mlangoni mwa tanuri, mahali ambapo Mzee Salumu alinifundisha kusimama na mkate, nilisimama na mapanga. Mtu alikata, akakimbia kwangu, nikaliingiza, nikalitoa, nikamrudishia kwa kitambaa. Wale wale walionicheka kwa kujenga tanuri walipanga foleni mbele yake, na hakuna aliyekumbuka kucheka.

Lakini wa kwanza kukata hakuwa mwanamume. Dorkasi alichukua panga likiwa limetoka motoni, akaenda mpaka kwa mama. Aliweka kiganja kwenye shina, akasema kitu kwa Kihaya ambacho sikukisikia, kisha akakata. Alikata vizuri, mara moja na nusu, kama mtu anayejua. Mgomba ukaegemea mwingine, ukateleza, ukalala chini ukivunja majani. Yeye hakulia. Mimi ndiye niliyelia, nikasingizia moshi, na Jovina alikuwa na adabu ya kuniamini.

Nimeona mambo mengi. Nimeona ziwa likichafuka mpaka mawimbi yakapanda barabara ya ufukweni mjini. Sijaona kitu kilichonitetemesha kama mwanamke wangu akigeuka kutoka pale, analeta panga kwenye moto ili aendelee na wa pili.

Mchana tulikula mikate niliyoisukuma tanurini katikati ya mapanga. Iliungua upande mmoja na upande mwingine ilikuwa mbichi, na ilinuka chuma. Ta Zakaria alitafuna akasema kwamba panga lake lingekatwa na mkate huu. Watu wakacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Hata Dorkasi alitabasamu, kidogo.

Tulipomaliza kuchimba mashina na kuyafukia, nyumba ilikuwa uchi. Hamwezi kuelewa hili nyinyi mliozaliwa karibu na lami. Nilitoka mlangoni nikaona mlango wa Zakaria. Miaka yote tulikuwa tunatazamana na hatukujua. Nikaona mnara wa kanisa. Nikaona mbali kabisa, chini ya mbingu, mstari wa ziwa, unang'aa. Mama yangu aliishi pale mpaka akafa na hakuwahi kuuona akiwa mlangoni kwake. Nilishangaa, na wakati huohuo niliona aibu kushangaa, kwa sababu nyuma yangu Dorkasi alikuwa amefunga dirisha ili asione.

Alikaa ndani muda mrefu. Alipika, alifagia, alikwenda kanisani akarudi, lakini kibanjani hakutia mguu. Kigoda chake kilisimama ukutani. Kitu kibaya zaidi ni kwamba kibanja hakikukubali kufa. Mvua ikinyesha, mabaki ya mizizi tuliyoyakosa yanatoa machipukizi, ya kijani kibichi, mazuri, yamejikunja kama mwavuli. Jovina alikuwa ameonya kwamba hata hayo yana ugonjwa na lazima yang'olewe. Nilikuwa nayang'oa mimi, Dorkasi akiwa amelala mchana, ili asijue. Kila nilipong'oa moja nililishika mkononi nikalistaajabia. Kitu kimekatwa, kimechimbwa, kimefukiwa, na bado kinanyoosha kidole juu kuuliza kuna jua.

Zakaria alituletea ndizi. Kila aliposhusha mkungu wake alitukatia vichane, akavileta mwenyewe kwenye kikapu, akaviweka mlangoni na kuuliza habari za mvua. Hatukuishiwa matoke siku hata moja, na Dorkasi alikuwa anayapika bila kuyatazama.

Mimi nikaona nipande kitu kwenye ile ardhi tupu. Jovina alishauri mahindi, maharage na viazi vitamu. Nikaongeza vitunguu na spinachi kwa hiari yangu, kwa ujasiri wa mtu asiyejua. Miche ya vitunguu niliipanga kama ninavyopanga mikate kwenye trei, mmoja umegusana na mwenzake, kwa sababu mikate ikigusana huinuliana. Nilijisifu kwa mistari ilivyonyooka. Nilikuwa nimeinama pale nikasikia dirisha linafunguka. Sikugeuka. Baada ya kitambo mlango nao ukafunguka, na Dorkasi akaja akasimama juu ya kazi yangu.

Aliniuliza kama vitunguu hivi vinakwenda kuolewa au vinakwenda kukua. Akaninyang'anya kijiti cha kupandia, akapiga magoti, akaanza kuvihamisha. Akaendelea mpaka vitunguu vikaisha, akahamia kwenye spinachi. Nilibaki nimesimama na beseni la maji, sithubutu kusema neno lisije likamrudisha ndani.

Tangu siku ile akawa anatoka. Na kwa kuwa mimi nilikuwa nimeingia kwenye kazi yake, akasema ni haki yake kuingia kwenye yangu. Nikamwonyesha kukanda. Nilitaka kumweleza habari za kusukuma kwa kiganja na kukunja na kugeuza, kama nilivyoelezwa. Hakunisikiliza. Alilikanda donge kama anavyougusa udongo, kwa vidole kwanza, akilisikiliza. Nilibonyeza donge lake kwa kidole, shimo likarudi taratibu, taratibu, likajijaza lenyewe. Mzee Salumu alinipa miaka kabla ya donge langu kufanya vile. Nilitoka nje nikazunguka nyumba mara moja kabla ya kurudi. Tangu hapo, mkate mnaosifia ni wake. Mimi nawasha moto na nakaa kwenye kigoda.

Misimu ya kungoja ilipotimia, Jovina alikuja na pikipiki, nyuma amefunga sanduku. Ndani kulikuwa na miche safi ya migomba kutoka kituo cha kilimo, kwenye vifuko vyeusi vidogo, kila mche una urefu wa kidole. Dorkasi aliuinua mmoja akaukagua. Akamuuliza Jovina kwa heshima yote kama ana hakika si vitunguu. Jovina akacheka mpaka akashika ukuta.

Tulichimba mashimo mapana, tukajaza samadi, na kwenye kila shimo tukaweka kile kidole kimoja. Mlikuwa mkisimama njiani hamwoni kitu kilichopandwa, mnaona mashimo tu. Nilikuwa na shaka, sikuisema. Lakini nilikuwa nakwenda asubuhi kutazama, na Dorkasi alikuwa ameshafika. Jani jipya la mgomba hutoka limeviringwa kama karatasi, na kama una subira ya mwokaji unaweza kukaa ukaliona linafunguka. Tulikaa pamoja tukaliona. Lilipofunguka lilikuwa na tone la maji katikati na halikuwa na doa popote. Kufikia mvua za pili migomba ilikuwa imetupita vimo. Kila mgomba ulipozaa, mara tu vidole vya mwisho vya mkungu vilipotoka, Dorkasi alilivunja lile ua la chini kwa mti wenye panda, bila kisu, kama tulivyofundishwa, ili nyuki wasipate sababu ya kusimama.

Na mkungu wa kwanza ukakomaa. Nilipitisha panga motoni, akakata mwenyewe. Nilidhani tutaupika. Nilikuwa nimeshatafuta chungu. Yeye akasokota kata, akaiweka kichwani, akaniambia nimtwike. Ulikuwa mkungu mzito kwa mtu wa umri wake nikamwambia nitaubeba mimi, akaniuliza toka lini. Tukatoka. Nikachukua mkate nami, ingawa hakuna aliyeuomba, kwa sababu sijui kwenda kwa watu mikono mitupu.

Ni hatua chache kutoka mlangoni kwetu mpaka kwa Zakaria kama unapita mpakani. Hakupita mpakani. Alizunguka kwa barabara, kijiji kizima, akipita polepole, na watu walipomwona na ule mkungu wakaacha walichokuwa wakifanya wakasimama. Aliyekuwa analima alisimika jembe. Mama mmoja alitoka na mikono ina sabuni. Hawakupiga vigelegele. Walisimama tu, mlango baada ya mlango, mpaka tukapita, mimi nikifuata nyuma na mkate wangu.

Zakaria alikuwa uani. Alimsaidia kuushusha, akaulaza kwenye majani, akapasua ndizi moja kwa kisu kilichopita motoni. Ndani palikuwa peupe. Alimwita mama yake mzee, akaja akishikilia ukuta, naye akaweka vidole vyake juu ya ndizi moja baada ya nyingine, maana haoni vizuri, mpaka alipomaliza kichane kizima.

"Ma Neema," Zakaria akasema, "kibanja changu kipo kwa sababu chako hakikuwepo."

Dorkasi aliketi, akavuta beseni, akachukua kisu akaanza kumenya. Mke wa Zakaria akaketi kando yake, na bibi yule mzee akaomba naye apewe kisu, akapewa. Mimi na Zakaria tukaenda kuwasha moto.